Gari Lisilo na Kompyuta

Baba alitaka ninunue gari dogo la Japani. "Chuo hukumaliza, sasa unataka gari la makumbusho?" Nikanyamaza. Lakini nilikuwa na sababu zangu.

Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968. Sisi tuliipima kwa vumbi na matope: ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 ikiwa na Ove Andersson, kisha 1978 ikiwa na Jean-Pierre Nicolas. Ile ya safu tatu za viti ikabeba abiria wa masafa marefu, watu wakaiita Pijo. Ufaransa iliacha kuunda saluni yake mwaka wa 1983. Kenya na Nigeria zikaendelea kuiunganisha.

Ninayoitaka ni ya kabureta. Ikikataa kuwaka, unaangalia mambo mawili: petroli inafika? Plagi zinatoa moto? Fundi wa jua kali aliyeishia darasa la saba aliielewa yote kwa masikio na spana. Gari la jirani yangu lilizimwa na sensa moja, likangoja wiki nzima mtu mwenye mashine ya kulisoma.

Ndiyo, Pijo inakunywa mafuta, na vipuri ni vya kutafuta. Tena sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo inayokatwa kuwa vyuma chakavu haina mrithi.

Nilipoileta nyumbani, Baba alizunguka kimya, akafungua boneti, akasikiliza.

"Kabureta ni chafu," akasema. "Leta spana."