Kidonda mguuni, kisha figo zinafeli: sepsisi ni nini na inauaje?

Kila tunapozungumzia maambukizi katika kipindi cha afya, kuna swali ambalo halikosi kwenye simu na meseji za wasikilizaji. Linakuja kwa maneno tofauti lakini ni lile lile: "Ndugu yetu alichomwa na mwiba mguuni. Baada ya siku chache tukaambiwa figo zimefeli na mapafu yamejaa maji. Mwiba na figo vinahusiana vipi?"

Wengine hawaulizi, wanahitimisha. Amerogwa. Amewekewa sumu. Dripu ya hospitali ndiyo iliyommaliza. Maneno haya huendelea hata baada ya arobaini, na jirani asiye na kosa hunyooshewa kidole. Makala haya yanaeleza njia ambayo ugonjwa hupita kutoka kwenye kidonda kidogo hadi kwenye figo, mapafu na ubongo, na mahali ambapo familia inaweza kuukatiza mapema.

Sepsisi ni nini?

Hali hii wataalamu huiita sepsisi. Neno lenyewe ni la Kigiriki cha zamani na maana yake ni kuoza. Vijijini wengi wetu tunasema "damu imeingia sumu" au "damu imechafuka". Si mbali na ukweli, ila linaacha jambo moja muhimu.

Tangu mwaka 2016 wataalamu wa dunia wanakubaliana kuwa sepsisi ni pale viungo vya mwili vinaposhindwa kufanya kazi, kwa kiwango cha kuhatarisha maisha, kwa sababu mwili wenyewe umepambana na maambukizi kwa namna iliyovuka mipaka. Soma tena sehemu hiyo ya mwisho. Kijidudu kinaanzisha vita, lakini sehemu kubwa ya uharibifu inafanywa na silaha za mwili wenyewe.

Kwa makadirio ya mwaka 2017, watu wapatao milioni 49 duniani walipata sepsisi na milioni 11 walifariki. Hiyo ni karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi zaidi waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama zetu.

Mwanzoni mwili unajilinda vizuri

Ukikatwa na jembe, baada ya muda mfupi mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na panauma. Wataalamu huita hali hiyo inflamesheni. Si ugonjwa, ni ulinzi.

Kinachotokea ni hiki. Chembe nyeupe za damu zinawatambua bakteria walioingia na kutoa kemikali za kuita msaada. Kemikali hizo zinafanya mambo matatu. Zinatanua mishipa midogo ya damu ili damu nyingi ifike pale. Zinalegeza kuta za mishipa hiyo ili askari watoke nje kumfuata adui. Na zinagandisha damu kuzunguka eneo hilo ili bakteria wasisambae.

Kwenye kidonda kidogo kazi hiyo inaisha baada ya siku chache na uvimbe unapungua.

Ulinzi unapoenea mwili mzima

Sasa fikiria sungusungu wanaomsaka mwizi mmoja. Wakimkamata kwenye kona yake, kijiji kinalala salama. Lakini wakianza kuvunja milango ya kila nyumba wakimtafuta, asubuhi hasara waliyoifanya wao itazidi ya mwizi. Ndivyo inavyokuwa bakteria, au sumu zao, wanapofika kwenye mzunguko wa damu na tahadhari ikapigwa mwili mzima. Yale mambo matatu yaliyokuwa dawa kwenye kidonda yanageuka balaa.

Kwanza, mishipa inatanuka kila mahali. Damu ni ile ile, lakini mabomba yamepanuka. Presha inashuka, kama maji yanavyotoka taratibu ukiyahamisha kutoka mpira mwembamba kwenda kwenye bomba pana.

Pili, kuta za mishipa zinavuja. Maji ya damu yanatoka na kuingia kwenye nyama na mapafu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuvimba uso na miguu huku ndani ya mishipa yake damu haitoshi.

Tatu, damu inaganda katika mishipa midogo sana, ile inayopeleka hewa ya oksijeni kwenye kila kiungo. Njia zinaziba. Na kwa kuwa vifaa vya kugandishia damu vinatumika vyote huko, mgonjwa huyo huyo anaweza kuanza kutokwa damu puani, kwenye fizi au mahali alipochomwa sindano. Ndugu wakiona hivyo huogopa sana na kudhani amelishwa kitu.

Juu ya hayo, chembe za mwili zenyewe hushindwa kuitumia vizuri hata ile oksijeni kidogo inayowafikia.

Kiungo kimoja baada ya kingine

Figo ni za kwanza kulalamika mara nyingi. Kwa kawaida zinapokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, maana kazi yake ni kuchuja. Presha ikishuka, hakuna cha kuchuja. Mkojo unapungua, unakuwa mweusi kama chai ya rangi, kisha unakatika. Uchafu unabaki ndani ya damu.

Mapafu yanaingiwa na maji yaliyovuja kutoka kwenye mishipa. Mgonjwa anahema haraka haraka, mbavu zinaonekana kufanya kazi, midomo inabadilika rangi.

Ubongo ukikosa damu ya kutosha, mtu anachanganyikiwa. Anaita watu ambao hawapo, anakataa chakula, anasinzia na haamki vizuri. Hapa ndipo familia nyingi hudhani ni mapepo na kupoteza siku mbili kutafuta tiba kwingine.

Ini linashindwa kusafisha damu na macho yanaweza kuwa ya njano. Moyo wenyewe unalegea, na utumbo unasimama.

Viungo hivi vinategemeana. Mapafu yakishindwa, figo zinakosa oksijeni. Figo zikishindwa, uchafu unaulemea moyo. Kwa hiyo kikianguka kimoja kinavuta kingine, na ndiyo maana saa ni nyingi kuliko tunavyodhani. Jibu la swali la mwiba ni hilo: kidonda kilikuwa mlango tu, na vita vilipiganwa mwili mzima.

Nani yuko hatarini zaidi?

Mtu yeyote anaweza kupata sepsisi, lakini hatari ni kubwa kwa watoto wachanga, wazee, wajawazito na mama aliyejifungua, au aliyetoka mimba, ndani ya siku 42. Wengine ni wenye kisukari, wanaoishi na virusi vya Ukimwi hasa wasiotumia dawa, wenye selimundu, wenye utapiamlo na walioungua moto. Chanzo si kidonda tu. Nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, utumbo uliotoboka, kitovu cha mtoto kilichooza na malaria kali vyote vinaweza kufika huko.

Dalili unazoweza kuziona ukiwa nyumbani

Huhitaji mashine. Simu yako yenye saa inatosha kuanzia.

Hesabu pumzi. Mgonjwa akiwa ametulia, tazama kifua au tumbo kwa dakika nzima. Mtu mzima akivuta pumzi mara 22 au zaidi, ni ishara mbaya. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, hatari huanzia 60. Kwa wa miezi miwili hadi mwaka, 50. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, 40.

Ongea naye. Muulize jina lake, yuko wapi, leo ni siku gani. Akichanganya mambo ambayo jana aliyajua, usisubiri.

Uliza kuhusu mkojo. Mtu mzima aliyekaa tangu asubuhi hadi jioni bila kukojoa, au mtoto ambaye nepi yake ni kavu muda mrefu, yuko kwenye shida.

Gusa ngozi. Mikono na miguu ya baridi wakati mwili una homa, ngozi yenye mabaka, au jasho jembamba la baridi ni dalili za damu kutofika.

Usidanganywe na joto. Wengi wana homa kali na kutetemeka, lakini wachanga na wazee wanaweza kuwa wa baridi kuliko kawaida. Mtoto mchanga aliyeacha kunyonya, aliyelegea au anayedegedeka apelekwe mara moja, hata kama hana homa.

Kama mgonjwa ana maambukizi na ukaona hata moja ya dalili hizi, tafuta usafiri. Kuanzia zahanati ni sawa, lakini ukifika sema wazi: "Alikuwa na kidonda tangu siku fulani. Leo anahema mara kadhaa kwa dakika, amechanganyikiwa, hajakojoa tangu asubuhi." Maneno hayo yanamwonyesha mhudumu kuwa mgonjwa huyu hawezi kusubiri foleni, na pengine anahitaji rufaa mapema. Taja pia dawa zote alizokunywa, zikiwemo za kienyeji. Mhudumu anahitaji kuzijua, si kukusuta.

Hospitali inafanya nini?

Kazi ya kwanza ni kuua chanzo. Mgonjwa huanzishiwa antibayotiki kwa njia ya mshipa, na kwa aliye hoi lengo ni ndani ya saa moja. Kama ni malaria kali, hupewa dawa ya malaria ya sindano. Jipu hupasuliwa, kidonda kilichooza husafishwa, mabaki ya kondo la nyuma hutolewa. Dawa peke yake haiwezi kumaliza usaha uliofungiwa ndani.

Kazi ya pili ni kuvishikilia viungo wakati vita vikiendelea: oksijeni kwa mapafu, dawa za kupandisha presha, na mashine ya kusafisha damu pale figo zinaposimama. Mashine hizo haziponyi maambukizi. Zinanunua muda.

Hapa tuseme neno kuhusu dripu, maana kwetu mgonjwa asipotundikiwa chupa ndugu huona hajatibiwa. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye hospitali za maeneo kama Kilifi, Mbale, Soroti na Muheza. Ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Walioongezewa maji mengi kwa haraka mshipani walifariki zaidi: karibu 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, wakati wale ambao hawakupewa maji ya haraka walikuwa 7. Mwaka 2017 utafiti mwingine wa Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi, ulionyesha mwelekeo huo huo.

Kumbuka mishipa inavuja. Maji yakimiminwa kwa kasi yanaweza kuishia mapafuni. Hii haina maana kwamba dripu ni mbaya. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha anahitaji maji, na utafiti ule haukuwahusu watoto wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba daktari akikupimia maji kidogo kidogo huku akimwangalia mgonjwa, hajamnyima. Usimlazimishe muuguzi afungulie chupa ikimbie.

Tahadhari ya vidonge vya dexa

Wakati wa korona wengi walisikia habari za deksamethazoni. Ni kweli: mwaka 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kuwa dawa hiyo inayotuliza inflamesheni ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Lakini wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida. Ukinunua dexa dukani na kumeza ukiwa na kidonda au homa, unawapunguzia nguvu askari wako wakati bakteria bado wako ndani. Homa inaweza kushuka huku ugonjwa unakwenda mbele.

Tuanzie mlangoni

Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni siku ile ile. Usipake kinyesi cha ng'ombe, majivu wala unga wa vidonge, na kitovu cha mtoto kiachwe kisafi na kikavu. Mwiba ukizama au kidonda kikiwa kirefu, nenda kituoni, pia uulizie chanjo ya pepopunda. Mistari myekundu ikipanda kutoka kwenye kidonda, au mitoki ikivimba kinenani, usisubiri kesho. Mjamzito ajifungulie kituoni. Ukiandikiwa antibayotiki, maliza dozi.

Na aliyepona asihimizwe kurudi shambani wiki hiyo hiyo. Wengi hubaki wachovu kwa miezi, wengine husahau mambo au huota ndoto mbaya za hospitali. Si uvivu. Mwili uliotoka kwenye vita vya namna hii unahitaji chakula, mazoezi ya taratibu na kurudi kupimwa figo kama alivyoagizwa.