Androidi, Ukomo na Utu: Mapenzi baina ya Binadamu na Mashine katika Historia ya Anime

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi mapenzi baina ya binadamu na androidi, yaani mashine iliyoundwa kwa sura na umbo la mtu, yalivyosawiriwa katika anime, filamu za vibonzo za Kijapani, tangu miaka ya sitini ya karne iliyopita hadi mwongo wa pili wa karne hii. Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu kazi za aina hii ni iwapo mashine inaweza kupenda. Swali hilo lina uzito wake katika falsafa, lakini halimfikishi mhakiki mbali, kwani katika kazi tutakazozirejelea jibu lake hutolewa mapema: mashine hupenda, na hadhira huombwa ikubali hivyo. Kinachozua mgogoro ni wakati. Tunashikilia kwamba historia ya androidi katika anime ni historia ya kiumbe aliyeanza kwa kunyimwa ukomo na akaishia kwa kupewa, na kwamba utu wake ulizidi kukubalika kadiri kifo chake kilivyosogezwa karibu.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili, suala hili lina upande wa kisarufi usioepukika. Lugha yetu haimruhusu mtu kutaja kiumbe bila kuamua upatanisho wake. Je, androidi amelala au imelala? Mtu hufariki, mashine huharibika. Kijapani nacho kina mpaka unaokaribiana na huu: kitenzi iru hueleza kuwapo kwa chenye uhai, na aru kuwapo kwa kisicho na uhai. Hivyo basi, kabla msimulizi hajatoa maoni yoyote, sarufi imekwisha kutoa hukumu. Katika makala haya wahusika wenye majina wamepewa upatanisho wa ngeli ya A-WA, na sababu zitadhihirika.

Chimbuko

Anime haikuanza mahali patupu. Mwaka 1703 Chikamatsu Monzaemon aliandika Sonezaki Shinju kwa ajili ya jukwaa la wanasesere la Takemoto-za mjini Osaka. Katika tamthilia hiyo karani Tokubei na kahaba Ohatsu, waliofungiwa njia zote za kuishi pamoja, wanaamua kufa pamoja. Wapenzi hao ni wa mbao na nguo, na wanasogezwa kwa mikono ya watu. Hata hivyo hadhira iliwalilia. Hatudai kwamba watunzi wa anime walinakili jukwaa hilo. Tunasema tu kwamba umbo lisilo na uhai lilikuwa limekwisha kupokewa kama mpenzi anayestahili kuombolezwa, na kwamba kilichompa stahili hiyo ni kufa kwake.

Chimbuko la pili lilitoka Ulaya. Tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa Tokyo mwaka 1924, ndiyo iliyoipa dunia neno roboti. Sehemu yake ya mwisho ina maana kubwa kwa hoja yetu. Roboti wawili, Primus na Helena, wanatambuliwa kuwa wapenzi pale kila mmoja anapojitolea kuuawa badala ya mwenzake. Hakuna anayepima mioyo yao. Ushahidi unaokubaliwa ni utayari wa kufa.

Mtoto asiyekua

Tezuka Osamu alianza kuchapisha hadithi ya picha ya Tetsuwan Atomu mwaka 1952, na tarehe 1 Januari 1963 anime yake ikaanza kuonyeshwa katika televisheni. Daktari Tenma, aliyempoteza mwanawe Tobio katika ajali ya barabarani, anaunda roboti mwenye sura ya mtoto huyo. Anampenda hadi anapogundua kwamba mtoto huyu haongezeki kimo. Mapenzi yanageuka chuki, na Atomu anauzwa kwa sarakasi.

Haya si mapenzi ya wachumba, bali ni ya baba na mwana. Lakini yanaweka msingi wa yote yaliyofuata. Atomu hakosi huruma wala akili. Kosa lake ni kwamba hapiti katika wakati pamoja na baba yake. Tenma alitaka kuushinda msiba kwa kitu kisichokufa, na kutokufa huko ndiko kulikomfukuza mtoto nyumbani. Inafaa kukumbuka kwamba anime hiyo ilipofikia tamati mwaka 1966, Atomu alijitoa mhanga kwa kuliendea jua ili kuuokoa ulimwengu. Mashine isiyokua iliipata nafasi yake mioyoni mwa watazamaji kwa kukubali kuangamia.

Kumbukumbu kama uhai

Miaka ya tisini ilimleta androidi mpenzi kwa uwazi zaidi. Katika Armitage III ya mwaka 1995, mpelelezi Ross Sylibus, ambaye mwenzake wa kazi aliuawa na roboti, anampenda Naomi Armitage, androidi anayejificha miongoni mwa watu wa sayari ya Mihiri. Androidi wa kizazi chake wameundwa wakiwa na uwezo wa kuzaa, na filamu ya mwaka 2002 iliyoendeleza kisa hicho inawaonyesha wawili hao wakimlea binti. Hapa utu unatafutwa kwa njia ya uzazi. Njia hiyo haikugeuka kuwa barabara kuu.

Barabara kuu ilifunguliwa na Chobits, hadithi ya picha ya CLAMP, kundi la watunzi wanne wanawake, iliyochapishwa kati ya mwaka 2000 na 2002 na kutengenezewa anime mwaka 2002. Kijana Motosuwa Hideki, aliyetoka shambani Hokkaido kujiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, anaokota jaani kompyuta yenye umbo la msichana na kumwita Chi, kwa kuwa hiyo ndiyo sauti pekee anayoweza kuitoa. Watunzi waliuzungushia uhusiano huu visa vidogo vinavyoufafanua. Kizito zaidi ni cha Ueda, mwoka mikate aliyemwoa androidi aitwaye Yumi. Kumbukumbu za Yumi zinaanza kuchakaa; anasahau jambo moja baada ya jingine, na mwishowe anagongwa na gari akimwokoa mumewe. Ueda hakumpeleka kwa fundi afutwe na kuanza upya, kwa sababu ambaye angerudishwa kwake hangekuwa mkewe.

Katika hadithi ya picha Chi mwenyewe amewekewa sharti la namna hiyo: swichi yake iko mahali ambapo kujamiiana kungefuta kumbukumbu zake zote. Hideki anakubali kuishi naye bila tendo hilo. Hapa ukomo umebadilika sura. Mwili wa androidi unaweza kutengenezwa. Kinachoweza kufa ni yale waliyoyapitia pamoja, na hilo ndilo mpenzi anatakiwa kulilinda.

Aibu na saa

Katika Ivu no Jikan ya Yoshiura Yasuhiro, iliyotolewa kwa sehemu sita kati ya mwaka 2008 na 2009 na kuunganishwa kuwa filamu mwaka 2010, kizuizi ni macho ya jamii. Androidi hutambulishwa kwa duara la mwanga juu ya kichwa, na wanaowapenda hudhihakiwa. Ndani ya mkahawa mmoja, hata hivyo, kuna kanuni kwamba binadamu na roboti wasibaguliwe, na duara hilo huzimwa. Wapenzi wawili, Koji na Rina, wote ni androidi, na kila mmoja anamdhania mwenzake kuwa binadamu. Kinaya hiki kinaonyesha kwamba alama ikiondolewa, hata wenyewe hawawezi kuuona mpaka.

Ukomo wenyewe unatajwa kwa tarakimu katika Plastic Memories ya mwaka 2015. Androidi wa hadithi hii huishi saa 81,920, takriban miaka 9 na miezi 4, kisha nafsi na kumbukumbu zao huvunjika. Mizugaki Tsukasa ameajiriwa katika idara inayowakusanya kabla ya saa hiyo, na anampenda mfanyakazi mwenzake, Isla, ambaye muda wake unakaribia kwisha. Kampuni hutumia lugha ya mali: kinachokwisha muda hurudishwa. Familia zinazofunguliwa mlango huisikia lugha ya msiba. Tsukasa mwenyewe ndiye anayemaliza kazi hiyo juu ya Isla, ndani ya gurudumu kubwa la bustani ya michezo. Baada ya hapo, msomaji wa Kiswahili hawezi kusema kwamba Isla imeharibika.

Pingamizi

Ingekuwa kosa kuzisoma kazi hizi kwa upole mtupu. Katika mapenzi ya wachumba tuliyoyajadili, anayependwa aghalabu ni mwanamke aliyeundwa, akanunuliwa au kuokotwa. Chi anaanza na akili ya mtoto mchanga katika mwili wa msichana mkubwa, na anayemfundisha maneno ndiye anayekuja kupendwa. Mapenzi ya aliyeumbwa ili aridhie yanatia shaka juu ya ridhaa yenyewe. CLAMP hawakulifumbia macho jambo hili: mwalimu Shimizu ni mke wa mtu aliyezama katika kompyuta yake hadi akamfungia mkewe nje kwa kusahau kwamba yupo. Kwa Shimizu, androidi ni kimbilio la mwanamume anayekwepa binadamu mwenye madai yake.

Hata hivyo pingamizi hili linaitia nguvu hoja ya ukomo. Mume wa Shimizu anapenda kisichomdai wala kumpotea. Ueda na Tsukasa wanapenda kinachopotea, na kwa hiyo wanadaiwa: uaminifu, subira, na mwishowe maombolezo.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kutoka kwa Atomu hadi kwa Isla, anime iliondoka kwenye mashine iliyokataliwa kwa kutokuwa na wakati, ikafika kwa mashine inayopendwa kwa sababu wakati wake ni mchache. Utu haukutolewa kwa kugundua moyo ndani ya chuma, bali kwa kumweka androidi mahali ambapo anaweza kukosekana. Watakaozifasiri kazi hizi kwa Kiswahili watalikuta suala hili katika kila kitenzi, na uamuzi wao baina ya amekwenda na imekwenda utakuwa uhakiki kamili. Inapendekezwa watafiti chipukizi waanzie hapo, katika upatanisho, kabla ya kuziendea nadharia.