Punda Walivyomalizwa Kenya

Mwaka 2016 kichinjio cha punda kilifunguliwa Mogotio, Baringo. Vingine vikafuata Naivasha, Machakos na Turkana. Ngozi zilipelekwa China kutengenezea ejiao, dawa ya asili.

Kufikia Desemba 2018 vilikuwa vimechinja punda 301,977. Jike hubeba mimba takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Pengo la waliochinjwa lingezibwa vipi? Wezi nao walichinja punda vichakani usiku, wakachuna ngozi na kuacha mizoga. Mama aliyemtegemea punda wake akarudi kubeba maji mgongoni. Huo ulikuwa ukatili kwa wote wawili.

Wenye punda waliandamana. Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya akapiga marufuku uchinjaji huo. Mahakama Kuu ikabatilisha amri hiyo 2021.

Februari 2024 Umoja wa Afrika uliafiki kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Serikali zisimamie uamuzi huo.