Volti Tano

Mashine ya pinboli ikiletwa kwangu, swali langu la kwanza ni mwaka ilipotengenezwa. Mwenyewe huwa ameshajiandaa kunieleza dalili: taa zimefifia, mpira unasukumwa kivivu, mchezo unajizima katikati. Hayo nayasikiliza baadaye. Umeme mdogo kwenye mashine ya 1955 na umeme mdogo kwenye mashine ya 1978 ni magonjwa mawili, na fundi asiyeyatenganisha atakesha akipima mahali pazima.

Nimekulia Tanga, ambako tulijifunza umeme mdogo kwa kuusikia friji ikigumia jioni, kabla hatujashika mita. Sasa nafanya kazi Chicago, na mashine nyingi ninazozifungua zimezaliwa mji huuhuu. Hapa ndipo David Gottlieb alipotoa Baffle Ball mwaka 1931: kisanduku cha kuweka juu ya kaunta, chenye misumari, springi na mashimo, bila waya hata mmoja. Raymond Moloney akafuata na Ballyhoo, mchezo ulioipa kampuni ya Bally jina lake.

Umeme uliingia mwaka 1933, tena ulitokea Los Angeles. Harry Williams alibuni Contact, ambamo mpira ukitumbukia kwenye shimo, koili hushtuka na kuurusha nje. Nguvu ilitoka kwenye betri kavu zilizofichwa sandukuni. Betri kavu haifi ghafla. Hudhoofika, na mpira huanza kutoka shimoni kwa kujikokota, kisha hautoki kabisa. Dawa ilikuwa moja tu, kununua betri nyingine, na haikupita miaka mingi waundaji wakageukia umeme wa ukutani.

Kizazi kilichofuata, cha transfoma na rilei, ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Transfoma moja nzito sakafuni mwa kabati, ikitoa takriban volti 6 za taa, na za koili 24 au 25 kwa Gottlieb na Williams. Bally baadaye ilipanda hadi 50. Mwaka 1947 Humpty Dumpty ya Gottlieb, kazi ya Harry Mabs, ilileta flipa, vile vikono vya kupigia mpira, na tangu hapo koili zikawa na kazi kubwa kuliko taa. Mji wa New York ulikuwa umeshapiga marufuku mchezo huu tangu 1942 ukiuhesabu kuwa kamari, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1976. Hata Chicago, mji uliolisha familia nyingi kwa kutengeneza mashine hizi, uliwazuia watu wake kuzicheza kwa miaka mingi. Viwanda havikusimama. Mashine zilikwenda kwingine.

Na huko kwingine umeme haukuwa sawa. Ndiyo maana transfoma nyingi za enzi hiyo zina ncha mbili za koili, ya kawaida na ya juu. Baa iliyokuwa mwisho wa laini ndefu ilipata volti pungufu, basi fundi akahamisha waya kwenye ncha ya juu na koili zikapata nguvu. Waya huo mara nyingi bado uko palepale alipouacha. Leo mashine imekaa sebuleni kwenye volti 120 kamili, flipa zinagonga kwa hasira, plastiki zinavunjika, na mwenye mashine anadhani koili ndizo mbovu. Kabla hujanunua chochote, tazama ncha za transfoma. Yule fundi wa zamani alifanya kazi sahihi kwa mahali pake. Wewe irudishe kwa mahali pako.

Kisha ukaja mwaka 1977. Bally ilitoa Freedom na Night Rider zenye kompyuta ndani, Williams ikatoa Hot Tip, Gottlieb ikatoa Cleopatra. Koili zenye kiu zikawekwa nyumba moja na chipu zinazotaka volti 5 zisizotikisika. Mashine ya Bally ya wakati huo ina volti 43 za koili, 190 za namba za mwanga (toa waya ukutani na subiri kabla hujagusa bodi ya namba hizo, nakusihi), umeme wa taa, na zile volti 5. Umeme mnyoofu wa volti 5 huchujwa na kapasita moja kubwa, ambayo kazi yake ni ya tangi la maji juu ya paa: mgao ukipungua, nyumba inaendelea kunywa. Miaka arobaini ikipita tangi linakauka.

Hapo ndipo mita inapodanganya. Ukipima kwa mkondo mnyoofu unaona 4.9, unaridhika, kumbe huo ni wastani, na mabonde yaliyo katikati yanashuka chini ya pale prosesa inapoweza kuvumilia. Geuza mita kwenye mkondo geu, pima palepale. Ikionyesha zaidi ya sehemu ndogo ya volti, kapasita imechoka. Bally walimsaidia fundi kwa taa ndogo nyekundu kwenye bodi: mashine ikiwaka inamweka mara saba, na ile ya saba haiji mpaka volti 43 zifike. Mimweko sita inakuambia uende kwenye fyuzi ya koili, uache chipu zipumzike.

Mashine za Gottlieb za miaka hiyo nazishika kwa uangalifu zaidi. Zilitumia chipu za Rockwell zinazotaka +5 na −12, na chipu hizo hazitengenezwi tena. Chomoa plagi ya bodi ya kompyuta, pima volti zote mbili, ndipo uirudishe.

Williams walipoleta mfumo wao wa 1990 waliweka mlinzi, chipu inayoizima na kuiwasha upya mashine volti 5 zikishuka hadi karibu 4.6. Kwa hiyo mchezaji akibonyeza flipa zote mbili kwa pamoja transfoma inalemewa, daraja la dayodi likiwa limechoka au lehemu yake imepasuka volti zinazama, na mchezo unaanza upya pointi zikiwa zimepotea. Siku hizi zinauzwa bodi ndogo za kuchomeka zinazotengeneza volti 5 mpya pembeni, na mashine inaacha kujizima. Mimi siziweki. Dayodi iliyochoka inabaki pale pale ikizidi kupata moto, na plagi iliyoungua inaendelea kuungua, ila sasa hakuna anayeambiwa. Nabadilisha daraja, nabadilisha kapasita ya mikrofaradi 15,000, nafunga waya mpya kwenye ethi, kisha nabonyeza flipa zote mbili huku macho yangu yako kwenye mita.