Kuunganisha metali tofauti kwa leza

Kuunganisha metali tofauti kwa leza ni njia ya kutengeneza kifaa kimoja chenye metali mbili au zaidi kwa kukijenga tabaka juu ya tabaka. Ni aina ya uchapishaji wa 3D: mwali wa leza huyeyusha unga wa metali, nao ukipoa hushikamana na tabaka la chini.

Metali hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto, hivyo kiungo chake huweza kupasuka. Ili kuzuia hali hiyo, unga wa metali ya kwanza hupunguzwa kidogo kidogo katika kila tabaka na ule wa pili huongezwa. Lakini titani na chuma zikiyeyuka pamoja huunda kampaundi zinazovunjika kwa urahisi. Kwa hiyo metali ya tatu, kama vile vanadi, huwekwa kati yake.

Mwaka 2017 shirika la NASA la Marekani lilijaribu kiwashio cha injini ya roketi kilichojengwa kwa aloi ya shaba, inayopitisha joto haraka, na aloi ya nikeli, inayohimili joto kali. Awali sehemu kama hizo ziliunganishwa kwa lehemu.