Bega kwa Bega: Mbio za Epsom Machoni pa Mchoraji na pa Kamera

Katika mbio za farasi za Derby, zilizoanzishwa Epsom nchini Uingereza mwaka 1780, suala la nani ametangulia lilitegemea kwa muda mrefu jicho la mwamuzi aliyekaa usawa wa mstari wa mwisho. Naye aliposhindwa kuwatofautisha farasi wawili alitangaza sare, kama ilivyokuwa mwaka 1828, ambapo Cadland na The Colonel walirudishwa kushindana tena na Cadland akashinda, na mwaka 1884, ambapo wamiliki wa St. Gatien na Harvester waligawana zawadi.

Wachoraji nao walikuwa na desturi yao. Théodore Géricault, Mfaransa aliyechora Derby ya 1821, aliwaonyesha farasi wamenyoosha miguu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, kana kwamba wanaelea juu ya nyasi, mtindo unaovutia kweli ingawa hakuna farasi aendaye shoti hivyo: picha alizopiga Eadweard Muybridge huko California mwaka 1878 zilidhihirisha kwamba kwato zote nne huachana na ardhi wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo.

Kamera ya mstari wa mwisho, iliyoamua Derby kwa mara ya kwanza mwaka 1949 na kumpa Nimbus ushindi wa urefu wa kichwa, ni mchoraji wa ajabu zaidi, kwa kuwa hutazama mstari peke yake kupitia upenyo mwembamba huku ikirekodi mfululizo, hivyo kila sehemu ya picha ni mahali palepale kwa wakati tofauti, na farasi aliyepunguza mwendo huonekana amerefuka isivyo kawaida.