Gadi za Tela

Kule Marekani, tela la safari ni nyumba yenye vitanda, jiko na choo, inayokokotwa na pikapu hadi kambini. Nyumba hiyo hukaa juu ya springi na tairi, nazo ekseli zake ziko karibu na katikati, kwa hiyo ncha ya nyuma huning'inia. Mmoja akiinuka usiku kwenda msalani, wote huamka. Ili kuzuia mtikisiko huo, hufungwa miguu ya chuma kwenye pembe za chesisi, na kwa Kiingereza huitwa stabilaiza.

Neno hilo tunalo tayari, na lina kazi nyingi mno. Fundi wa friji analitumia kwa kifaa cha kutuliza umeme. Fundi wa magari, kwa ufito unaozuia gari kulalia upande kwenye kona. Kiimarishi nacho kinaweza kuwa chochote. Lakini jeki ndilo la hatari. Mguu uliozoeleka zaidi una umbo la mkasi, sawa na jeki iliyomo kwenye buti la gari, na anayeuita jeki atanyanyulia tela. Hapo chesisi hupinda, na milango hukataa kufunga.

Mimi nachagua gadi. Jahazi likipwelewa, mabaharia wetu huligadimu: huliegemezea magogo ubavuni lisilale. Uzito unabaki juu ya mkuku. Gadi inazuia kuinama tu. Tela nalo uzito wake ubaki kwenye tairi na kwenye jeki ya mbele, ile ya ulimi wa kuvutia, ambayo ni jeki kweli. Jina hili linafundisha hata mpangilio wa kazi. Kwanza tela lisawazishwe kushoto na kulia kwa mbao chini ya tairi, magurudumu yazuiwe kwa kabari, lifunguliwe kutoka kwenye gari, kisha lisawazishwe mbele na nyuma kwa jeki ya ulimi. Gadi hushushwa mwisho, zikaze ardhini na kuishia hapo.

Baadhi ya matela hutoka kiwandani na gadi dhaifu, au za nyuma pekee, ndipo wenyewe wanunue nyingine. Hizo naziita gadi za kuongezea. Zifungwe kwenye mihimili mikuu ya chesisi, karibu na pembe, kwa boliti au kwa kuchomelewa. Bati linalofunika tumbo la tela halishiki kitu. Kabla ya kutoboa, fundi alale chini atazame nyaya za breki na bomba la gesi vimepita wapi. Aangalie pia gadi ikikunjwa isining'inie chini kiasi cha kugonga barabara. Gadi iliyonyooshwa sana huyumba, hivyo ni bora kuiwekea kipande cha ubao chini.

Gadi ya mkasi hupunguza kudunda, ila tela bado linaweza kusogea mbele na nyuma. Kwa hilo kuna fito za mshazari kutoka mguu wa gadi hadi kwenye chesisi, zinazokazwa baada ya gadi kushuka. Ziitwe gadi mshazari. Penye ekseli mbili, kabari ya kutanuka huwekwa kati ya tairi na tairi ili zisibingirike. Siku ya kuondoka, mshazari hulegezwa kwanza, ndipo gadi zikunjwe.